Asidi Iliyokataa Kutakata

Ruiru, Jumapili alasiri, Mei 1957

Mvua imekatika tangu asubuhi. Jua limetoka kwa nguvu, matope yanatoa mvuke, na mke wangu Wanjiru ameanika kila kitu kilichomo nyumbani, hata koti langu la maabara ambalo lilikuwa safi. Nimekaa mlangoni na daftari kwenye goti. Nimeshiba githeri. Tumetoka kanisani na sikusinzia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu napumua mpaka chini ya kifua.

Mzee Mutua hakufukuzwa.

Hilo ndilo nilitaka kuandika, na kwa kuwa nimeshaliandika ningeweza kufunga daftari nikacheze na mtoto. Lakini nikifunga hapo nitakuwa nimejiandikia habari za mtu mwema, na nikisoma mwakani nitaamini kwamba ni mimi. Wacha niseme yote. Naandika Kiswahili kwa sababu Wanjiru anasoma Kikuyu upesi kuliko mimi, na kuna mambo humu nitamwambia mwenyewe kwa mdomo, siku nitakayochagua.

Mimi ni msaidizi wa maabara katika kiwanda kimoja cha Thika kinachochemsha magome ya mti wa muthanduku kutoa dawa ya kutengenezea ngozi za viatu. Nilisoma misheni. Najua kusoma kipimajoto na kuandika ripoti ya Kiingereza, kwa hiyo wenzangu kiwandani huniita Mwalimu, na jina hilo, Mungu anisamehe, nalipenda sana. Maabara yetu ni chumba kimoja chenye madirisha mawili. Tuko watatu. Kuna mkemia, Mzungu mrefu tunayemwita Bwana Miwani akiwa hayupo. Kuna mimi. Na kuna Mzee Mutua, Mkamba wa upande wa Yatta, anayeosha vyombo.

Tangu mwezi wa tatu Bwana Miwani ameshikwa na habari ya gundi. Anataka yale maji ya magome yawe gundi ya kubandikia mbao, na gundi hiyo haikauki mpaka uitie asidi. Ukitia asidi ya kiberiti, ile kali inayowekwa kwenye betri za magari, mbao zinaungua na kuwa nyeusi. Kwa hiyo anataka asidi ya salfoni, ambayo inapatikana kwa kuichemsha asidi ya kiberiti pamoja na toluini. Ina nguvu karibu sawa na ile, lakini haina ukatili wake, haiunguzi mbao.

"Lakini iwe safi," aliniambia. "Kiberiti kikibaki hata kidogo, kazi yote ni bure."

Akanipa kazi hiyo peke yangu. Akasema nikifaulu ataandika barua nipandishwe cheo. Nilitembea kurudi chumbani kwangu Thika, ninakolala siku za kazi, kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Kuitengeneza kwenyewe si kazi ya kutisha. Toluini ni maji mepesi yanayonuka kama rangi ya mlango. Unayatia kwenye chupa ya duara, unaongeza asidi ya kiberiti polepole, unasimamisha bomba la kupozea juu yake, halafu unawasha moto. Mwanzoni vitu hivyo viwili havitaki hata kuonana, kimoja kinakaa juu na kingine chini. Lakini vikichemka pamoja kwa saa kadhaa vinazaa asidi ya salfoni na maji kidogo. Hayo maji unayanasa kwenye kibomba chenye tumbo kilicho kando, unayaangalia yakiongezeka tone kwa tone. Yakiacha kuongezeka, ujue imeiva. Unamwaga toluini iliyobaki juu, unaacha chupa ipoe, unatia maji vijiko vichache, na mara chupa nzima inaganda chembe nyeupe. Siku ya kwanza nilipoona hivyo nilipiga kelele, na Mzee Mutua akaja mbio na ndoo ya maji akidhani nimeungua.

Kusafisha ndiko kunakomtoa mtu jasho. Zile chembe zinakuwa zimeloa asidi ya kiberiti iliyobaki. Unaziyeyusha tena kwenye maji machache, unaweka chupa kwenye barafu tunayoletewa na mwenye bucha, kisha unapitisha ndani yake moshi wa asidi ya chumvi. Moshi huo unaupata kwa kudondosha asidi ya kiberiti kwenye chumvi hii hii ya kupikia. Unakaba koo, unatoa machozi, unakula hata bawaba za mlango. Lakini asidi ya salfoni haiwezi kukaa kwenye maji yaliyojaa moshi huo. Inajitoa, inaanguka chini ikiwa chembe nzuri, na kiberiti kinabaki majini. Unachuja kwa kichujio cha kioo maana cha karatasi kingeliwa, unakamua, unakausha.

Halafu unapima. Chembe kidogo kwenye kibomba cha kioo, maji ya kutosha, tone moja la asidi ya chumvi, matone mawili ya bariamu, dawa inayokamata kiberiti. Maji yakibaki angavu, umefaulu. Likitokea wingu jeupe, kiberiti bado kimo.

Yangu ilitoa wingu.

Nikasafisha tena. Wingu. Nikasafisha mara ya tatu, nikikohoa, macho mekundu kama mlevi wa muratina. Wingu. Na kila ukisafisha unapoteza, kwa sababu nyingine inabaki majini na hairudi. Nilianza na chupa iliyojaa hadi shingoni, na kufika mara ya nne nilikuwa nimebaki na kiasi cha kujaza kikombe cha chai.

Sasa habari ya maji, ambayo ndiyo aibu yangu.

Mtambo wetu wa maji ya mvuke, yaani maji yaliyochemshwa mvuke wake ukapozwa yawe safi kabisa, uliungua mwezi wa nne, na kifaa chake kinatoka ng'ambo. Maji ya mfereji hayafai kwa kazi hii, yana mambo mengi. Mimi ndiye niliyejitokeza. Nilisema mbele ya Bwana Miwani, kwa Kiingereza nilichokipanga usiku mzima, kwamba mvua ni maji ya mvuke yaliyopikwa na Mungu mwenyewe. Akacheka, akakubali. Paa za kiwanda zina masizi, kwa hiyo nikasema nitaleta kutoka kwangu. Tangu hapo, kila Jumatatu alfajiri, lori la magome likipita Ruiru linanichukua na madebe mawili yaliyojaa maji ya pipa la nyumbani. Dereva alikuwa ananicheka, ati mtu anabeba maji kupeleka Thika, mahali penye mito miwili. Nikamwambia hayo ni maji ya sayansi.

Maji ya sayansi! Nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Jumatatu iliyopita nilipima mara ya nne. Bwana Miwani alikuwa amesimama begani kwangu. Likatoka wingu, jeupe, zuri, kama maziwa ndani ya chai. Hakufoka. Aliuliza tu kwa sauti ndogo kwa nini. Na mimi, badala ya kusema sijui, nikageuza macho nikatafuta mtu.

Mzee Mutua alikuwa kwenye sinki anasugua chupa na majivu.

Kwao, kama kwetu, sufuria haijaoshwa kama haijasuguliwa na majivu. Mama yangu angekufukuza jikoni ukimletea chombo kilichopitishwa maji tu. Lakini mimi nimesoma, najua majivu ya kuni yana chumvi za kiberiti ndani yake, kidogo. Nikalisema hilo. Nililisema upesi, kwa Kiingereza, na mzee mwenyewe amesimama hatua tatu kutoka hapo bila kujua anasemwa.

Bwana Miwani akamwita. "Wewe tumia jivu?"

"Ndiyo Bwana," akajibu Mzee Mutua, tena kwa fahari. "Inatoa mafuta yote. Angalia, inang'aa."

Akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha ili tuone. Ilikuwa inang'aa kweli.

Bwana Miwani akaandika barua siku ileile. Kazi mwisho Jumamosi saa sita mchana, chumba kirudishwe.

Mtu asiyeijua Thika ya siku hizi anaweza kusema, si atatafuta kazi nyingine? Mzee Mutua ana miaka ya kuitwa guka, babu wa watu. Mke wake, Mama Mwende, ana kidonda mguuni kisichotaka kupona, na kila baada ya siku moja anakwenda hospitali kufungwa upya, akitembea kwa fimbo kutoka chumba chao cha laini za wafanyakazi. Chumba kikienda, wanarudi Yatta. Huko hospitali ni safari, na mguu ule hauna safari ndani yake. Haya yote nilikuwa nayajua Jumatatu nilipofungua mdomo. Nimeshakula uji wa mama huyo mara nyingi.

Jumanne na Jumatano sikumwangalia usoni. Nilikuwa nasoma kipimajoto hata kisipokuwa kwenye kitu.

Alhamisi akaja mwenyewe kwenye meza yangu, amekunja mikono nyuma kama mtoto wa shule.

"Mwalimu, nikuulize kitu."

"Uliza, mzee."

"Mimi nasugua na majivu. Nasuuza na maji ya mfereji mara tatu. Halafu namaliza na maji yako ya mvua, kama ulivyoniambia. Sindio?"

"Ndiyo."

"Basi kinachogusa chupa mwisho ni maji yako."

Nilikasirika, jamani. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilimwambia asinifundishe kazi, kwamba mambo haya yana vitabu vyake. Akasema, "Haya, Mwalimu," akarudi kwenye sinki. Na mimi nilipokuwa nafoka, ndani kabisa kulikuwa na sauti ndogo inayosema mzee anasema kweli, na ndiyo maana nilipandisha sauti yangu zaidi, nisiisikie hiyo.

Kwa sababu vitabu vyake vinasema hivi, tena mwanzoni kabisa, ukurasa ambao hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaujua: kabla hujapima kitu chako kwenye maji, pima maji peke yake. Ningekuwa nimeletewa maji na mtu mwingine ningeyapima siku ya kwanza. Haya sikuyapima kwa sababu yalikuwa yangu.

Jumamosi, yaani jana, nilifika kazini mapema kuliko kawaida. Sikuwa nimelala vizuri. Mzee Mutua alikuwa ameshafika. Alikuwa anaosha vyombo vyote vya maabara, hata vile visivyotumika tangu nimeingia pale, na kuvipanga juu ya kitambaa vimeinamishwa, vikubwa kwa vidogo, ili atakayekuja avikute tayari. Siku yake ya mwisho! Mimi ningekuwa nimevunja viwili vitatu kwa makusudi.

Nikachukua kibomba kimoja. Nikatia maji ya debe langu, peke yake, bila kitu. Tone la asidi ya chumvi. Matone mawili ya bariamu.

Wingu.

Zito. Pengine zito kuliko la Jumatatu.

Nilikimwaga. Nikasuuza kibomba, nikakirudisha mahali pake, nikasimama mbele ya sinki nikishika ukingo wake.

Hapa ndipo nataka kuandika polepole, maana nikiandika haraka nitadanganya. Nilisimama pale labda robo saa, na katika robo saa hiyo sikuwa nawaza jinsi ya kumwokoa Mzee Mutua. Nilikuwa nawaza kwamba hakuna aliyeona. Barua imeshatiwa sahihi. Jumatatu ningeleta maji mengine, asidi ingetoka safi, na kila mtu angesema, mnaona, yule mzee wa majivu ameondoka na mambo yamenyooka. Hata kudanganya nisingehitaji kudanganya. Ningenyamaza tu. Mpango mzima ulinijia ukiwa umepangwa vizuri, Ngai wangu, kana kwamba mtu mwingine alikuwa ameutayarisha akaniwekea mezani.

Nyuma yangu mzee alikuwa anaimba wimbo wa kanisa kwa pua. Akakatiza, akaniuliza, "Mwalimu, hii nyembamba inakaa rafu gani? Nataka kumwekea atakayekuja."

Nikamwambia ya juu. Nilimjibu hivyo, kwa sauti ya kawaida.

Kilichonitoa pale si wema. Ilikuwa ni udadisi, pia tamaa kidogo. Nilitaka kujua: kama maji ndiyo mabaya, asidi yangu ikoje? Nikachukua birika la chai la Bwana Miwani, nikalijaza maji ya mfereji, nikaunganisha mdomo wake na bomba la kupozea kwa mpira na kitambaa, nikaliwasha. Kazi ya namna hiyo inatoa maji ya mvuke kidogo sana, tone baada ya tone, ndiyo maana sikuwahi kujisumbua nayo. Mpira ukawa unateleza. Bila kuitwa, Mzee Mutua akafuta mikono, akaja akashika kiungio kwa kitambaa kisitikisike. Akakaa hivyo karibu saa nzima, amepiga goti kwenye sakafu, mvuke unamchoma vidole, anasaidia mtu aliyemfukuzisha kazi.

Glasi ilipojaa nusu nikapima maji hayo. Angavu. Nikatoa chembe za asidi ile ya mwisho, nikaziyeyusha, nikatia bariamu. Angavu kabisa. Huwa naweka sampuli ya kila hatua kwenye vichupa vidogo, kwa hiyo nikachukua ya mara ya tatu. Angavu. Ya mara ya pili. Angavu!

Yaani asidi yangu ilikuwa safi tangu mara ya pili. Wiki mbili nimekohoa moshi, nimelia machozi, nimemwaga nusu ya mali, nikisafisha kitu kilichokuwa kimetakata, kisha nakipima kwa maji machafu.

Mzee Mutua alikuwa amesimama, anaangalia vile vibomba vilivyopangwa kwenye mwanga. Hajui jina la bariamu, lakini ameniona nikipima siku nyingi kuliko nilivyofikiri.

"Leo hakuna wingu," akasema.

"Hakuna."

Akaangalia glasi ya maji ya mvuke. Akaangalia debe langu. Nikangoja aseme. Angesema lolote ningestahili, hata angenimwagia hilo debe kichwani.

"Mwalimu," akasema, "Bwana yuko ofisini mpaka saa sita."

Basi. Akarudi kwenye sinki.

Nilikwenda. Sijui miguu ilinifikishaje, lakini nilikwenda, na debe mkononi. Nilianza kwa Kiingereza kikanikatikia katikati, nikaendelea kwa Kiswahili. Nikasema kosa ni la maji, maji ni yangu, sikuyapima, na majivu hayana hatia. Bwana Miwani akawa mwekundu mpaka shingo. Akaniambia nimuonyeshe. Tukarudi maabara, nikapima maji ya debe mbele yake, nikapima ya birika, nikapima asidi. Akatazama kila kibomba kwa muda mrefu. Halafu akanipa maneno, na maneno yake Jumamosi saa tano na nusu sitayaandika hapa kwa sababu leo ni siku ya Bwana wa mbinguni. Kwa ufupi, angekuwa na gundi yake wiki mbili zilizopita kama mimi ningekuwa na akili. Habari ya cheo, akasema, tutaiona baada ya Krismasi.

Nikauliza, "Na Mzee Mutua?"

Akatoa barua mfukoni, akaipasua mara mbili, akaitia kwenye ndoo. Akamgeukia mzee, akamwambia kazi iko, lakini kuanzia sasa hakuna majivu, ni sabuni peke yake.

"Sabuni haitoi mafuta, Bwana," akasema Mzee Mutua.

Haiya! Barua yake bado iko kwenye ndoo haijapoa, na mtu anabishania majivu. Bwana Miwani akachukua kofia yake akaenda kula.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Sijui kama kilikuwa kicheko kweli. Mzee akaniangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa, akaendelea kupanga chupa.

Saa saba nilipanda baiskeli kuja huku. Kitabu cha pasi, kile kinachoturuhusu sisi Wakikuyu kusafiri siku hizi, kikaangaliwa njiani, kikarudishwa, na hata askari aliniuliza nina furaha gani. Nilipofika nikaenda moja kwa moja kwenye pipa, kabla ya kusalimu watu. Nikafunua, nikainamisha kichwa ndani. Ukutani, chini ya maji, kuna ukoko, rangi ya buluu iliyofifia, mnene kama ukoko wa ugali.

Wanjiru akaja na mtoto mgongoni, anauliza kama nimepoteza kitu humo.

"Hili pipa tulilitoa wapi?"

"Baba Nyokabi! Si lile la shamba la kahawa? Walikuwa wanachanganyia dawa ya kunyunyizia."

Mrututu na chokaa. Mtu yeyote aliyekulia Ruiru ameona mashamba ya kahawa yakinyunyiziwa dawa hiyo ya buluu. Na mrututu ni nini? Ni shaba iliyoliwa na asidi ya kiberiti. Ukichanganya na chokaa, kiberiti kinashikana na chokaa kinakuwa ukoko, na mvua ikiingia inauyeyusha kidogo kidogo, bila rangi, bila harufu. Maji yangu ya sayansi.

"Nilikuambia siku tulipolinunua," akasema. "Nikakuambia hilo ni la kufulia tu, tusinywe, tusipikie. Ukatikisa kichwa."

Nilikuwa nasoma. Naikumbuka siku hiyo, nakumbuka hata kitabu, lakini sikumbuki yeye akisema. Nikamuuliza mara tatu kama kweli hatujawahi kuyanywa. Akaapa kwa mama yake. Maji ya kunywa anateka kwenye mfereji wa shamba kila siku, tena kwa foleni, na mimi sikuwa nimeona hata hilo. Moyo ukarudi mahali pake.

Halafu ikamwingia akilini. "Ngoja. Yale madebe ya Jumatatu. Umekuwa ukipeleka maji ya kufulia nguo kwa Wazungu?"

Alicheka hadi akamtoa mtoto mgongoni asije akaanguka naye. Jirani akatoka kuuliza kuna nini, na kufikia jioni upande wote huu wa Gatongora ulikuwa unajua. Leo baada ya ibada mzee wa kanisa ameniuliza hali ya maji. Sawa tu. Wacheke. Jana na leo hakuna kicheko kinachoweza kuniumiza.

Kuna jambo moja bado. Nimelizungushia kurasa hizi zote.

Jana kabla ya kupanda baiskeli nilipitia kwenye laini kumwomba Mzee Mutua msamaha kama inavyopasa, mbele ya mkewe. Mizigo yao ilikuwa tayari mlangoni: sanduku moja, godoro limefungwa kwa kamba ya katani, sufuria ndani ya gunia. Mama Mwende alikuwa amekaa juu ya sanduku, mguu ameunyoosha mbele. Alikuwa ameshaambiwa. Aliponiona akasema, "Karibu, mwanangu," akaanza kutafuta kikombe kwenye gunia anipe uji, na hapo nusura nilie.

Nikasema niliyokuja kusema. Kwamba nilimsingizia, kwamba nilisema kabla ya kupima. Mzee alikuwa amechutama anafungua fundo la kamba ya godoro. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema hayo yameisha, kila mtu hukosea maji. Nikashukuru. Nikafikiri nimemaliza, nikawa nageuka niende zangu.

"Mwalimu," akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kamba. "Kile kibomba cha kwanza ulichomwaga asubuhi. Nilikuona."

Nikarudi, nikachutama mbele yake.

"Nilijua ni maji. Nikakuuliza ile nyembamba inakaa wapi, nikasema labda akisikia sauti yangu atageuka."

"Sikugeuka," nikasema.

"Hukugeuka," akasema. "Lakini ulikwenda."

Fundo likafunguka. Akanipa mwisho mmoja wa godoro nishike, tukaliingiza ndani pamoja, tukaliweka juu ya kitanda pale lilipokuwa.

Kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kuficha, na labda hiyo ndiyo hewa ninayoisikia kifuani leo. Lakini nimekaa mlangoni tangu chakula nikijiuliza, na jua hili lote halijanipa jibu: kama mzee asingeona wala kuniambia Bwana yuko ofisini, ningekwenda?

Kesho lori likipita nitapanda mikono mitupu.